Kurudi kwa Mkaawima

Lori la boma lilipofika Mtawanya, Mwanamkuu binti Tamimu alikuwa bondeni akipalilia mpunga wake. Aliusikia mngurumo kabla hajaliona, akadhani limekuja kuchukua watu wa kazi ya barabara, kama ilivyokuwa kawaida. Hakushtuka. Alishtuka aliposikia minyororo, na sauti za wanaume wakiitikiana kama watu wavutao gogo. Akatupa jembe, akapanda kilima mbio, kanga yake ikinasa kwenye miiba.

Juu ya kilima kile palisimama jiwe ambalo watu wa Mtawanya waliliita Mkaawima. Lilikuwa refu kumpita mtu mzima, jembamba juu na pana chini, rangi yake kama chuma kilichoshika kutu. Upande wake wa mashariki ulikuwa umechongwa tangu juu hadi chini: miviringo ndani ya miviringo, mistari iliyopinda na kugawanyika kama mto unaokaribia bahari, na chini kabisa vishimo vidogo vingi, kila kimoja cha kuingia ncha ya kidole gumba. Mababu walipofika kutoka bara walilikuta limesimama vile vile. Lakini kila ukoo ulikuwa na kishimo chake. Mtoto alipotimiza siku arobaini, mama yake alimpandisha kilimani, akachovya kidole katika mafuta ya nyonyo, akatia tone katika kishimo kile kile alichotiliwa yeye na mama yake, kisha akampaka mtoto utosini. Ndiyo yote. Hapakuwa na ngoma wala pembe ya kupuliza.

Mwanamkuu aliwahi kupandisha watoto wanne kilimani pale. Watatu walikufa katika njaa ya wakati Wadachi na Waingereza walipopigana bondeni mwa Rufiji. Baba yao alikamatwa akabebeshwa mizigo ya jeshi, na hakuna aliyerudi kumwonyesha mkewe alikozikwa. Aliyebaki ni Johari, ambaye sasa alikuwa na mimba ya kwanza na tumbo lilikuwa limekwisha kuwa kubwa.

Alipofika juu alikuta wafungwa wamelizunguka jiwe, minyororo imeshalikaza katikati. Bwana Shauri, mkuu wa boma la Utete, alikuwa amesimama kando, kofia mkononi, uso umemwiva kwa jua. Alikuwa kijana wa Kiingereza mwenye miguu mirefu, na Kiswahili chake kilikuwa cha kusomea, kila neno limepigwa pasi. Nyuma yake alisimama Jumbe Sadala, mkuu wa kijiji aliyewekwa na serikali, binamu wa marehemu mume wa Mwanamkuu, akitazama chini.

"Mnafanya nini?" Mwanamkuu aliuliza huku akihema.

"Shemeji, tulia," Sadala alisema. "Ni amri."

"Sikukuuliza wewe."

Bwana Shauri akamgeukia. Alisema kwa upole, kama mtu anayemweleza mtoto, kwamba mwaka huu mfalme mpya atatawazwa, na kila boma litakuwa na sherehe. Jiwe hili zuri litasimamishwa Utete, mbele ya ofisi, chini ya bendera. Watu wote watalitazama. Huku porini litaharibika.

"Limeharibika lini?" Mwanamkuu aliuliza.

Watu walikuwa wamekwisha kukusanyika. Bwana Shauri akavaa kofia yake.

"Mama, jiwe hili ni kazi ya watu wa kale sana," alisema. "Si wazee wenu. Wazee wenu walikuja baadaye, wakalikuta."

"Walikuwa wazee wako wewe?"

"Hapana."

"Basi katika mimi na wewe, aliyetangulia hapa ni mimi. Liache."

Watu wakaguna. Mmoja wa wafungwa akainama kuficha kicheko. Bwana Shauri akasema, safari hii bila upole, "Hata mwalimu wenu halitaki. Nimeambiwa kila Ijumaa anawahutubia kwamba ni sanamu. Nimewasaidia nyinyi Waislamu."

Macho yote yakamwendea Mwalimu Abdulkarimu, aliyekuwa amefika sasa hivi na kilemba chake kimekaa upande. Ni kweli, kwa miaka mingi alilipiga vita jiwe lile. Aliwagombeza wanawake msikitini, njiani, hata matangani. Lakini sasa alisimama tu akalitazama jiwe likiinamishwa polepole, kisha minyororo ikateleza, nalo likaanguka kwa kishindo kilichosikika mpaka bondeni. Mwanamke mmoja akapiga ukelele kama aliyefiwa.

Alasiri ile Mwalimu alikwenda nyumbani kwa Mwanamkuu, akakaa barazani bila kukaribishwa.

"Umefurahi, Mwalimu?" Mwanamkuu alimwuliza.

"Binti Tamimu, jiwe lile nimelipinga tangu nilipofunga kilemba. Nitalipinga mpaka nife. Lakini ule ni ugomvi wangu mimi na nyinyi, ugomvi wa watu wa nyumba moja. Sikumwita mtu wa nje aje kuniamulia." Akakivuta kilemba chake kikae sawa. "Amelifunga kwa jina langu. Mbele za watu wote, amelitumia jina langu kama kamba."

Kesho yake alikwenda Utete kumwambia Bwana Shauri maneno hayo hayo. Tarishi akamrudisha mlangoni, akamwambia shauri lile limekwisha.

*

Masika yalianza, mto ukajaa, na mvua zilipokuwa zimeshika kasi Johari akajifungua mtoto wa kike. Wakamwita Zena. Alikuwa mtoto wa kelele, mwenye nywele nyingi, na bibi yake alimpenda mpaka akawa anasahau kula. Arobaini ilipokaribia, Johari alisema, "Mama, safari hii tuache tu. Mambo yale yamekwisha."

"Yamekwisha kwa nani?"

"Jiwe liko Utete, mama."

"Basi tutakwenda Utete. Wamelihamisha. Hawakulila."

Wakaenda, kwa miguu na kwa mtumbwi, mvua ikiwanyeshea na kuwaacha, mtoto amefungwa mgongoni kwa Johari chini ya mkeka. Walipofika mbele ya boma waliliona Mkaawima limesimamishwa chini ya mlingoti wa bendera, limezungushiwa vijiwe vilivyopakwa chokaa. Lilikuwa limegeuzwa. Upande wa michoro, uliotazama mashariki tangu mababu, sasa ulitazama veranda ya ofisi.

Mbele ya jiwe alikaa fundi wa mawe aliyeletwa kutoka Dar es Salaam, na patasi na nyundo. Alikuwa amekwisha kuandika kwa chaki, herufi kubwa kubwa na taji juu yake, na herufi zile zilipita juu ya miviringo, juu ya mistari ile kama mto, zikashuka mpaka kwenye vishimo.

"Nini hiki?" Mwanamkuu aliuliza.

"Jina la mfalme," fundi alijibu. "Nachonga leo. Sherehe wiki ijayo."

"Utachonga juu ya hii michoro?"

"Nimeambiwa niipasue, upande uwe laini kwanza. Chaki hii ni ya kupimia tu." Fundi aliinua mabega. "Mimi fundi tu, mama."

Mwanamkuu alifungua kibuyu cha mafuta, akampa mwanawe. Johari akainama, akakitafuta kishimo cha ukoo wao, cha tatu kutoka kushoto katika safu ya chini, akatia tone lake, akampaka Zena utosini. Tarishi akaja mbio akipiga kelele kwamba jiwe ni mali ya serikali. Mwanamkuu akamtazama tu. Kisha akageuka, akaegemeza mgongo wake juu ya zile herufi za chaki, akanyoosha miguu yake chini kwenye tope.

"Fundi," alisema, "pasua. Anzia hapa nilipo."

Fundi aliishika nyundo, akaiangalia. Mvua ilianza tena kunyunyiza. Mwishowe akaiweka chini. "Mama yangu mzazi ni wa umri wako," alisema. "Mimi sipigi nyundo mahali penye mgongo wa mtu. Bwana akirudi safarini atasema mwenyewe." Akaenda kukaa kibarazani, akatoa tumbaku yake.

Mwanamkuu akamwambia Johari, "Rudi nyumbani. Waambie wenzangu mgongo mmoja hautoshi."

Wanawake walianza kufika baada ya siku tatu. Alitangulia Mwantumu, mkunga wa kijiji, na mkeka wake chini ya kwapa. Wakafuata wengine kwa makundi, Johari na Zena wake miongoni mwao, na chakula, na watoto wachanga, na wengine wakiingia Utete kwa mara ya kwanza maishani mwao. Walipokezana. Mmoja akichoka, mwingine aliingia nafasi yake kabla baridi ya jiwe haijarudi. Walipika kando ya vijiwe vya chokaa. Walikoga mtoni kwa zamu. Askari waliwafukuza, wakatawanyika, wakarudi kama kuku waliofukuzwa kwenye mchele, na kila wakati mgongo mmoja ulikuwa umebaki jiweni. Walimwagiwa maji ya kuoshea vyombo. Mwantumu alivutwa mkono mpaka bega likateguka, akalifunga kwa kanga yake, akarudi kukaa.

Wakati huo mpunga ulikuwa umeanza kutoa mashuke, na kila mmoja wao alijua ndege wako shambani.

Bwana Shauri aliporudi safarini sherehe ilikuwa kesho. Alisimama verandani akawatazama kwa muda mrefu. Mwanamkuu alikuwa ndiye aliyeegemea saa ile.

"Mama, ondoka," alisema. "Kesho anakuja Bwana Mkubwa kutoka Dar es Salaam. Mnataka kuniaibisha?"

"Tunataka jiwe letu."

"Nitawafunga."

"Una jela ya kututosha sote? Na wachanga hawa?"

Bwana Shauri aliikaza midomo. Asingeweza kuwapiga wanawake mbele ya boma siku moja kabla ya mgeni, na wao walilijua hilo kama alivyolijua yeye. Akaamuru jiwe lifunikwe bendera kubwa mpaka chini, pamoja na chaki yake, akasema litachongwa baada ya sherehe.

*

Siku ya sherehe jua lilitoka. Waliletwa watoto wa shule wakaimba, askari wakatembea kwa gwaride, wazee waliovaa majoho wakakaa kwenye viti. Mgeni mkubwa alikuwa mnene, mwenye masharubu meupe. Alikuwa amefika nchini karibuni, Kiswahili hakukijua hata cha salamu. Wanawake wa Mtawanya walipangwa nyuma kabisa, nyuma ya kamba, na askari mbele yao.

Bwana Shauri alihutubia kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili. Alisema kuhusu mfalme, kuhusu amani, kuhusu jiwe la kale ambalo watu wa Mtawanya wamelitoa kwa moyo mkunjufu liwe kumbukumbu ya siku hii.

Aliposema hivyo Mwanamkuu akainama akapita chini ya kamba.

Askari aliyekuwa mbele yake alisita, kwa sababu alikuwa mwanamke mzee na hakuwa akikimbia. Alitembea tu katikati ya uwanja, mtoto Zena mikononi, mbele ya watoto wa shule na wazee wa majoho, akafika mbele ya wageni.

"Mwambie hatukulitoa," alisema.

Bwana Shauri akatabasamu, akamgeukia mgeni, akasema maneno machache ya Kiingereza. Mgeni naye akatabasamu, akamwinamishia Mwanamkuu kichwa, akamchezea mtoto kidole.

"Hukumwambia," Mwanamkuu alisema.

"Nimemwambia, mama. Asante. Rudi nyuma."

"Hukumwambia. Mtu hachekelei akiambiwa hivyo." Akapaza sauti mpaka nyuma wakamsikia. "Mwambie tumeibiwa!"

Bwana Shauri akamgeuzia mgongo. Basi Mwanamkuu akamkabidhi Zena kwa mzee mmoja wa majoho, ambaye alimpokea kabla hajajua anapokea nini, akaishika bendera kwa mikono miwili, akaivuta. Ikashuka. Jiwe lilikuwa wazi juani na jina la mfalme kwa chaki juu yake, na Mwanamkuu akaukunja upande wa kanga yake na kuanza kufuta. Alifuta taji. Akafuta herufi ya kwanza, na ya pili, taratibu, kama mtu afutaye vumbi mezani pake, na chini ya chaki miviringo ikatokea mmoja mmoja. Alipofika kwenye vishimo alipachika kidole gumba katika kile cha tatu, akageuka kumtazama mgeni usoni. Kisha akaelekeza kidole kwa mtoto, akakielekeza kifuani pake mwenyewe, akaonyesha kaskazini, ng'ambo ya mto.

Askari wawili walikuwa wamekwisha kumshika. Mgeni akainua mkono, wakamwachia. Hakutabasamu tena. Alimwuliza Bwana Shauri jambo, na Bwana Shauri akajibu kwa kirefu, shingo yake nyekundu kama nyanya. Mgeni akauliza tena. Hatimaye akalipima jiwe kwa macho tangu juu hadi chini, akautazama mto uliofurika, akawatazama wanawake nyuma ya kamba, wenye kanga za tope na watoto migongoni. Akacheka, akasema kitu kimoja kifupi. Wazungu wote wakacheka.

"Amesema nini?" Mwanamkuu aliuliza. "Safari hii sema kweli."

Bwana Shauri alikuwa na ahueni usoni. "Amesema, kama mnalitaka kiasi hicho, libebeni. Serikali haitatoa lori, wala mnyororo, wala mfungwa. Mwisho wa mwezi huu likiwa bado hapa, fundi atafanya kazi yake na hatutaki kuona mwanamke hapa."

"Umesema mbele za watu," Mwanamkuu alisema.

"Nimesema."

Akamchukua mjukuu wake kutoka kwa yule mzee, akarudi kwa wenzake.

*

Aliyekwenda Kiongoroni kutafuta watu wa kulibeba ni Mwalimu Abdulkarimu mwenyewe. Kule kwenye visiwa vya mwisho, karibu na bahari, aliishi Maneno, ndugu yake Mwanamkuu, na watu wanaokata mikoko na kuitoa matopeni kwa kamba na mabega. Mwalimu alimkuta Maneno amezama tope magotini, akivuta boriti.

"Mwalimu!" Maneno alisema akicheka. "Wewe ndiwe ulomkataza mke wangu asiende jiweni. Leo wataka nije nikubebee hilo jiwe?"

"Likirudi nitamkataza tena."

"Sasa lirudi la nini?"

"Nipate kumkataza," Mwalimu alisema, na hakuwa akitania.

Maneno akamtazama, akafuta uso wake kwa mkono wenye tope, akawaita wenzake.

Walipanda mto na mitumbwi miwili ile mikubwa ya kuchukulia boriti, wakisukuma kwa pondo dhidi ya mkondo, mpaka Utete. Waume wa Mtawanya walikuwa wamekwisha kufika. Wengi wao walikuwa wameona haya wake zao walipokaa jiweni bila wao, na sasa walichimba kama watu wenye kisirani. Jiwe likalazwa juu ya vipande vya magogo, likavingirishwa mpaka ukingoni. Hapo Maneno hakutaka lipakiwe. Aliiweka mitumbwi sambamba, akalaza boriti nene juu yake kutoka mtumbwi mmoja hadi mwingine, na jiwe akalining'iniza katikati kwa kamba za makumbi, ndani ya maji, ambako uzito wake ulipungua. Mitumbwi ilizama mpaka karibu na kingo zake, lakini ilielea.

Bwana Shauri alikuwa verandani. Alitazama kila kitu, na kikombe chake kilipoa mkononi.

Walishuka na mkondo kuelekea Ndundu, ambako wangelitoa majini na kufuata barabara ya kaskazini. Mwanamkuu alikuwa mtumbwi wa kulia, Mwalimu wa kushoto. Kwenye kona moja, pale maji yanapozunguka chini ya ukingo, kamba ya mbele ilikatika. Jiwe likainama kichwa chini, mtumbwi wa kushoto ukaanza kunywa maji.

"Kateni!" mtu alipiga kelele. "Kateni kamba, tutakufa!"

"Asikate mtu!" Mwanamkuu alijibu.

Mwalimu Abdulkarimu alijitosa na kanzu yake. Mto ule una mamba, kila mtu anajua. Alipotelea chini, kilemba kikaelea peke yake, kisha akaibuka ameushika mwisho wa kamba iliyokatika, akauzungusha kwenye mkono wake na kuujongeza kwenye boriti, akining'inia nusu ndani ya maji, akitema, mpaka Maneno akapitisha kamba nyingine na kuikaza. Wakamvuta ndani kama samaki.

"Mwalimu, umeliokoa sanamu," Maneno alisema.

"Nimeokoa mitumbwi yako. Piga kasia!"

Kutoka Ndundu ilikuwa kazi ya kuvuta. Magogo mbele, kamba mabegani, jiwe linasogea kwa hatua za mtoto. Nyuma wanawake waliyaokota magogo yaliyoachwa na kuyakimbiza mbele. Watu wa Ikwiriri walitoka kutazama, wakaishia kuvuta. Walilala vijijini, walilishwa mihogo na samaki na watu wasiowajua. Viganja vilichubuka, kijana mmoja alivunjika kidole cha mguu. Mwanamkuu alikuwa akivuta kamba ya mbele, na aliyemwambia apumzike alijibiwa vibaya.

Walipokaribia Kibiti, Jumbe Sadala alisimama katikati ya barabara na joho lake la ujumbe.

"Bwana Shauri ameniagiza," alisema bila kumtazama mtu usoni. "Barabara ni ya serikali. Jiwe linaiharibu. Hamna ruhusa kupita."

Kamba zikalegea. Watu walikuwa wamechoka kiasi cha kulala pale pale waliposimama. Mwanamkuu akaenda mpaka mbele ya shemeji yake.

"Mwanao Haruni alipakwa mafuta wapi?" alimwuliza kwa sauti ya chini.

Sadala akalishika joho lake kifuani. "Shemeji, watanivua ujumbe."

"Watakuvua. Agizo umelifikisha, sote tumelisikia. Sasa ama ukae hapo tupite juu yako, ama ushike kamba."

Sadala akalivua joho, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya kisiki kando ya barabara, akaja akashika kamba nyuma ya Mwanamkuu. Kweli walimvua, kabla ya Ramadhani.

Mtawanya waliingia asubuhi, jua limeanza kuchoma. Shimo la zamani lilikuwa limejaa maji na vyura. Wakalichimba upya, wakashindilia mawe, na watu wote waliokuwa na nguvu bado wakavuta mara ya mwisho. Mkaawima likainuka, likayumba, likasimama, michoro yake ikitazama mashariki. Vigelegele vilipigwa mpaka watoto wakaanza kulia. Mwalimu aliishuhudia kazi ile mpaka mwisho, akahakikisha limekaa sawa, kisha akauchukua msala wake akaenda zake msikitini bila kuaga.

*

Mwanamkuu alikuta nusu ya mpunga wake imeliwa na ndege. Ndivyo ilivyokuwa kwa wanawake wote waliokaa Utete, na mwaka ule Mtawanya walikula mihogo kuliko walivyozoea. Hakulalamika. Alipanda kwenye dungu lake, kile kibanda cha juu ya miti kinachotazama shamba zima, akaanza kuamia ndege ili kulinda kilichosalia, kombeo mkononi, Zena amelala kwenye mkeka kando yake.

Yuko huko juu siku moja alipomwona Bwana Shauri akija kwa miguu kutoka kilimani, peke yake, suruali imelowa umande. Alisimama chini ya dungu, ikambidi avue kofia na kuinua uso ili amwone.

"Hujambo, mama?"

"Sijambo."

Hakumkaribisha juu wala hakushuka. Bwana Shauri alibadilisha mguu mmoja kwa mwingine kwenye tope.

"Nimekwenda kuliangalia," alisema. "Nataka kukuuliza jambo moja tu. Ile miviringo, na ile mistari. Maana yake nini?"

Mwanamkuu hakujua. Mama yake hakujua, wala bibi yake, wala yeyote wa Mtawanya hakuwahi kujua. Alimtazama Mzungu yule aliyekuwa akingoja na kofia yake mkononi, na ilimjia kwamba hii ndiyo mara ya kwanza anamwuliza kitu badala ya kumwambia.

"Ingekuwa yako," alisema, "ungeambiwa na mama yako."

Kundi la ndege lilikuwa likitua upande wa mbali wa shamba. Alitia udongo kwenye kombeo, akasimama wima ndani ya dungu, akazungusha mkono, akapiga ukelele mkubwa uliomwamsha mtoto.